Wanapokaza Nyuzi

Priska alianza kulia tulipovuka daraja, na mpaka mume wangu Samson anamaliza kuegesha karavani chini ya miti ya kando ya mto Seine, mtoto alikuwa amelia hadi sauti imekwaruza. Ni meno. Mawili ya juu yalikuwa yanatoka kwa pamoja, kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja.

Mama mkwe wangu alikuwa ameshafika tangu jana yake. Watu wote wanamwita Mama Tsinka. Karavani yake ilikuwa imeshusha miguu, mapazia ya lesi yamefungwa kwa utepe, na mabeseni yake yamepangwa kwenye majani: la vyombo, la nguo, la uso, na ole wako uyachanganye. Sijakanyaga chini sawasawa akanipokonya mtoto.

"Lete huku. Huko kwenu mnamlisha nini, mawe?"

"Uzito wake ni wa kawaida, Mama. Daktari kasema."

"Kawaida ya ndama." Akambusu shingoni, akambusu tena. "Wee, kelele! Unamlilia nani na bibi yako yupo?"

Priska akazidi kulia.

Kwetu ni milimani, Auvergne. Sisi ni Wamanushi kama wao, watu wa karavani tangu mababu, ila watu wa kwetu wanasuka vikapu na kuimba kanisani. Kwa kina Samson ni gitaa. Kwao hata mbwa anajua pampu, yaani ule mkono wa kulia unaosukuma wimbo kutoka chini, bum-cha, bum-cha, bila ngoma na bila kuchoka. Kila mwaka majira ya joto yakianza, wanakutana hapa kwa siku tatu za tamasha. Mchana magajo, watu wasio wa kwetu, wanakuja na gitaa zao kusoma kwenye mahema. Jioni wanakaa kwenye nyasi kusikiliza. Na sisi tunakuja kwa sababu muziki ni wetu, na kwa sababu hiyo ndiyo wikendi pekee ambayo ukoo mzima unakutana bila kulazimishwa na harusi wala msiba.

Mwaka huu kulikuwa na jambo. Samson na kaka yake, Donato, walikuwa wamepewa jukwaa kubwa, Jumapili, saa ile jua linapolala juu ya mto. Miaka yote walipiga jukwaa dogo, lile la karibu na soseji, ambako watu hupiga makofi wakiwa na haradali vidoleni. Samson alikuwa amenunua shati jipya. Alilitundika kwenye karavani yetu na kutukataza tusilipumulie.

Nilikuwa nimeolewa naye muda wa kutosha kujua tabia zake za jukwaani. Moja tu sikuielewa. Katikati ya kila onyesho, yeye na Donato huacha kupiga, wanainamisha vichwa, wanaanza kukaza nyuzi. Nyuzi zenyewe ziko sawa. Hata mimi wa kanisani nasikia. Lakini wanakaza na kulegeza, kulegeza na kukaza, kwa muda ambao ungetosha kupiga wimbo mzima, halafu wanatazamana na kuendelea. Niliwahi kumwuliza. Akasema ni unyevu.

Ijumaa hiyo alasiri tulikaa nje kunywa kahawa. Ndugu wawili walikuwa wanafanya mazoezi, na Priska alikuwa amepita mikono yote mezani. Mama Tsinka alimbembeleza, akampigia kijiko kwenye kikombe, akamtisha kwa bata, akamwahidi farasi. Wapi.

"Shika kitu chako," akaniambia mwishoni. "Kina kichwa kigumu. Hicho hakikutoka upande wetu."

Nikamweka Priska begani, nikazunguka nyuma ya karavani, pale kwenye mitungi ya gesi penye kivuli, nikafanya kama ninavyofanya nyumbani. Nikamwimbia kwa puani walzi yake, ule wimbo wa kucheza kwa hatua tatu-tatu. Hiyo ndiyo dawa yake tangu ana wiki moja. Nikifika kipande cha pili macho yanalegea, nikirudia mara ya pili mkono unadondoka. Akalala. Nikarudi mezani natabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Gitaa zilikuwa kimya. Donato alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake. Samson alikuwa ananitazama mimi kama unavyomtazama mtoto anayetembea kuelekea mtoni na wewe uko mbali. Na Mama Tsinka alikuwa amesimama kwenye kamba, anaanua nguo. Zilikuwa zinachuruzika maji bado.

"Nani kampa?" aliuliza. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza Samson, akiwa amempa mgongo.

"Si mimi, Mama."

"Basi kaoteshwa."

"Mama, nakuapia…"

"Usiape. Kesho asubuhi nakunja miguu ya karavani, naondoka. Nyie bakini mpigie magajo wenu, mkiona inafaa."

Akaingia na nguo zake mbichi, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Hapo nikajua, kabla sijaambiwa. Kwetu sisi, mtu akishaondoka duniani hatumtaji. Hatutaji jina lake, hatuli chakula alichokipenda, na kama alikuwa na wimbo wake hatuupigi, mpaka yule aliyempenda kuliko wote aseme. Si kwamba tumesahau. Tunaogopa kukosea. Ukisimulia habari za mtu ambaye hawezi tena kukusahihisha, ukikosea hata kidogo, umemwibia.

Baba yake Samson alifariki kabla sijaijua familia hii, na mimi nilimjua kwa mashimo aliyoacha. Nilijua kwamba kwa Mama Tsinka hapikwi sungura kwa plamu kavu. Nilijua kuna mti mmoja mkubwa pale ng'ambo ambao hakuna anayeketi chini yake. Nilijifunza kuyazunguka mashimo hayo bila kuuliza, kama mkwe mwenye adabu. Lakini wimbo ambao haupigwi, utaujuaje kwamba ndio huo?

Kwenye karavani yetu Samson aliketi kitandani, mikono katikati ya magoti.

"Nyumbani," nikamwambia, "nikimwimbia Priska, wewe unatoka nje. Kila siku. Nilidhani hupendi sauti yangu."

"Nasimama dirishani, kwa nje."

"Mwaka mzima! Si ungeniambia niache?"

"Ningekuambia uache nini? Ili nikwambie uache, ningelazimika kukwambia ni ya nani." Akafuta uso kwa kiganja. "Na sikutaka uache, mama Priska. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Nilikuwa nasubiri mtoto alie."

Nikakaa karibu naye. Shati lilikuwa linaning'inia mbele yetu.

"Mama akiondoka, mtapiga Jumapili?"

"Tutapigaje? Mama ameondoka kwa hasira, sisi tunapanda jukwaani kumchekea nani?" Akalitazama shati. "Donato naye hatapiga. Nimeshamwona usoni. Na ukiliacha jukwaa lile mara moja, wanampa mwingine."

Usiku ule Priska hakulala, na sikuthubutu kumwimbia. Nilimwimbia nyimbo za kanisani. Alinitazama kama mtu aliyeletewa bili ya jirani.

Asubuhi nilimkuta Mama Tsinka ameinama na kile chuma cha kuzungushia, anakunja mguu wa mbele wa karavani. Nilikuwa na mtoto kwenye kigari na kahawa mkononi. Kahawa hakuipokea.

"Mama, walzi ile sikupewa na Samson. Niliisikia mwaka jana hapa hapa, ng'ambo ya daraja. Bomba letu la maji lilikuwa limeharibika, nikaenda kuchota kwenye kambi ya magajo, tumbo limenifika hapa. Kuna mwanamke alikuwa anaipiga mbele ya hema lake. Mtoto akatulia tumboni. Nikasimama mpaka dumu likafurika."

Akasimamisha mkono. "Magajo wanaipiga?"

"Mmoja tu, Mama. Kutoka Ufini. Anaitwa Pirkko, anapikia watoto wa shule huko kwao. Anakuja kila mwaka."

Alikilaza kile chuma chini kwenye nyasi, polepole. Mguu wa karavani ukabaki nusu juu, nusu chini.

"Nipeleke."

Tukavuka daraja, mimi nasukuma kigari, yeye mbele na sketi yake nyeusi. Mama Tsinka hajui kusoma, na hataki uonyeshe kwamba unajua. Kwenye lango la mahema akaelekeza kidevu kwenye ubao.

"Wameandika nini, wewe uliyesoma shule ya jioni?"

"Darasa la wanaoanza, Mama."

"Hawa wanaanza tangu mimi msichana."

Ndani Donato alikuwa anafundisha. Hakuwa amelala, ilionekana, lakini kazi ni kazi. Magajo wamekaa duara, kila mmoja anapiga pampu huku ameuma ulimi, mikono yote inapanda na kushuka kama kikosi cha askari wanaojikuna. Mama Tsinka alitazama kidogo. "Waambie wasiichape," akamwita mwanawe kupitia mlangoni. "Haijawakosea kitu." Donato akaruka. Alimwona mama yake, akaniona mimi, akamwona mtoto, akabaki mdomo wazi, na magajo wote wakaacha kupiga kwa sababu walidhani hilo nalo ni somo.

Pirkko alikuwa kwenye hema lake karibu na bomba, anamenya viazi. Ni mwanamke mwenye nywele fupi za mvi na mabega ya mbeba masufuria. Alipomwona Mama Tsinka alisimama, akavua kofia, viazi vikabingirika. Alijua ni nani. Mimi sikuwa nimetegemea hilo.

"Piga," alisema Mama Tsinka.

"Nipige nini, Mama?"

"Unajua."

Pirkko alikausha mikono kwenye suruali, akachukua gitaa, akapiga. Lo, hata kwenye gitaa moja, bila pampu, ile walzi inajua kutembea. Inaanza kama mtu anayeshuka ngazi na sahani mikononi. Priska aliacha kutafuna kidole, akatulia. Kikaja kipande cha pili, wimbo ukapanda, ukafika juu kabisa, ukateremka moja kwa moja.

"Hapana!" Mama Tsinka alipiga paja kofi. "Simama. Rudia hapo."

Pirkko akarudia. Ukapanda, ukafika juu, ukateremka.

"Nani kakufundisha uongo huu?"

Mwanamke wa watu aliiva uso. "Mwenye wimbo," akasema kwa sauti ndogo. "Yeye mwenyewe, Mama. Alinifundisha kiangazi kizima, chini ya ule mti. Nilikuwa namwuliza, mbona wewe jukwaani pale juu unapita kwingine? Akaniambia masikio yangu yamechoka na safari. Mwaka uliofuata nikauliza tena. Akasema nile sana samaki, yatapona."

Mama Tsinka akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo ya viazi. Mabega yakaanza kutikisika. Nikaogopa. Nikamwekea mkono mgongoni, nikisema moyoni, umemliza mama wa watu mara mbili ndani ya siku moja. Akainua uso. Alikuwa anacheka. Machozi yanatiririka, na anacheka hadi meno ya dhahabu ya nyuma yanaonekana.

"Mwizi mkubwa yule!" alisema. "Kamuuzia mtoto wa watu farasi, mkia kabaki nao!"

"Kumbe si masikio yangu?" akauliza Pirkko.

"Masikio yako mazima! Miaka yote hii unapanda farasi asiye na mkia na unakula samaki bure!" Akajipangusa kwa upindo wa sketi, akacheka upya. "Alikuwa hivyo. Mezani anakupa kila kitu, hata kijiko chake. Lakini kona ile aliificha hata kwa ndugu zake. Mpaka niliposema ndiyo. Ndipo akanipigia yote."

Tangu niolewe, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kulisikia juu yake. Na halikuwa neno la kaburini. Lilikuwa la mtu aliyekaa hapa jana, akala, akamtania mgeni.

"Basi nifundishe huo mkia, Mama," Pirkko akasema, taratibu.

"Ng'o. Alikunyima yeye, nikupe mimi kama nani?" Lakini aliinama akamwokotea viazi vyake, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye sufuria. Na alipoondoka alimshika shavu, kwa mkono mzima.

Katikati ya daraja Priska akakumbuka meno yake. Mama Tsinka akamtoa kwenye kigari kabla sijasema kitu, akamlaza kifuani, akaangalia mtoni, na akaanza. Sauti yake ni nzito, ya chini, ina moshi. Nilitazama kwingine, maana kulikuwa na jambo pale ambalo halikuwa langu. Priska akatulia. Wimbo ukapanda, ukafika juu, na badala ya kuteremka ukageuka kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni akarudisha shingo kuangalia alichosahau chumbani, ndipo ukashuka. Hiyo ndiyo ilikuwa yenyewe.

Priska alifumbua macho. Alimtazama bibi yake kwa mshangao, akakunja uso, na akapiga yowe kama aliyenyang'anywa ziwa.

Mama Tsinka akarudia tokea mwanzo. Kwenye kona ile, yowe.

"Anataka ile ya gajo!"

"Ndiyo anayoijua, Mama."

"Mjukuu wangu! Damu yangu!"

"Si ya gajo," nikasema, na nikashangaa kwamba ni mimi ninayesema. "Umesema mwenyewe. Ule uongo ni wake. Hakuna mwingine angeutunga."

Mama Tsinka akampandisha mtoto kifuani. Magari mawili yalipita, daraja likatetemeka chini yetu. Kisha akaanza tena, kwa mara ya tatu, na alipofika juu kabisa akasita, akavuta pumzi, akateremka moja kwa moja. Macho ya Priska yakalegea.

"Mwizi," akamnong'oneza mtoto kwenye nywele. "Mwizi kama yeye."

Samson alikuwa anatusubiri kando ya karavani ya mama yake, hajanyoa, chuma cha kuzungushia miguu kiko mkononi, hajui akunje au ashushe. Mama Tsinka alimpita bila kusimama.

"Shusha mguu huo. Karavani imeinama, kahawa itamwagika."

Alishusha. Kwa haraka hiyo sijawahi kumwona akifanya kazi. Halafu akamfuata mlangoni, na mimi nikasikia, kwa sababu nilitaka kusikia.

"Mama. Jumapili, basi, tunaweza…"

"Jukwaani hapana. Bado." Akashika kitasa. "Kwa mtoto, mwache mkeo aendelee. Ila usimame ndani, si dirishani. Utapata mafua, mjinga wewe."

Kwa hiyo alikuwa anajua hata hilo. Mama ni mama.

Jumapili jua lilikuwa limeshuka usawa wa miti watu walipojaa kwenye nyasi mpaka ukingoni mwa maji. Tangu alipofiwa, Mama Tsinka hakuwahi kukaa mbele ya jukwaa. Alikuwa anasikilizia kwenye karavani, mlango wazi. Siku hiyo alikuja na hereni zake zote na kiti chake mwenyewe cha kukunja, kwa kuwa viti vya watu haviamini. Akakiweka mstari wa mbele kabisa, mbele ya bwana mmoja mwenye kofia ya majani, akampakata Priska. Nilikaa chini karibu na magoti yake.

Samson alitoka na shati lake. Alimwona mama yake, akakosa hatua, Donato akamsukuma kwa kiwiko. Wakapiga. Sitaki kuwasifu, mmoja ni mume wangu. Lakini magajo waliacha kula. Pampu ya Donato ilikuwa inatembea chini kama treni ya mbali, na mkono wa kushoto wa Samson ulikuwa unafanya vitu ambavyo nyumbani haufanyi hata kwa kifungo cha nepi.

Kisha wakaacha kupiga. Wakainamisha vichwa, wakaanza kukaza nyuzi.

Sasa nilijua ni nini. Hapo ndipo ilipokuwa inakaa walzi, enzi zake. Walikuwa wanaiachia nafasi yake, kila onyesho, kama unavyomwachia mtu kiti mezani. Nikainua macho kwa Mama Tsinka. Alikuwa amemwinamia Priska, mdomo umegusa sikio la mtoto, na alikuwa anaimba kwa puani. Aliyekaa hatua moja nyuma asingesikia. Nilisikia mimi, kwa sababu bega langu liliegemea goti lake na wimbo ulikuwa unapita kwenye mfupa.

Samson naye hakuweza kusikia, kule juu. Lakini alikuwa anatazama midomo. Vidole vyake viko kwenye vishikizo vya nyuzi, havizungushi kitu.

Wimbo ukapanda. Ukafika juu kabisa. Mama Tsinka akasita, na Priska, aliyekuwa karibu kuzama, akafumbua jicho moja. Bibi na mjukuu wakatazamana. Bibi akateremka moja kwa moja.

"Jamani," yule bwana wa kofia alinung'unika nyuma yangu, "hawa watakaza nyuzi mpaka lini?"

Nikageuka. "Mpaka mtoto alale."

Alidhani namtania. Mkono wa Priska ukadondoka kando ya paja la bibi yake, vidole vimefunguka. Mama Tsinka akainua kidole kimoja tu. Samson akamtikisia Donato kichwa, na pampu ikaanza.